Kurudi Chakulani: Kalemie katika Historia ya Kula Upya

Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, yaani upasuaji unaolipunguza tumbo la chakula au kuufupisha mkondo wa utumbo ili mlaji atosheke kwa kiasi kidogo, hupewa na hospitali ratiba ya kula inayokwenda kwa daraja: siku za mwanzo maji na supu iliyochujwa, kisha maziwa na uji mwepesi, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha vyakula laini, na baada ya wiki sita hadi nane hivi chakula cha kawaida, kidogo kidogo na kwa kutafuna sana. Ratiba hiyo, pamoja na ile anayorejeshewa aliyeteleza mwaka wa pili au wa tatu akaanza kunenepa tena, huelezwa mara nyingi kana kwamba ni uvumbuzi wa hospitali za matajiri. Historia haikubaliani na maelezo hayo. Sehemu kubwa ya elimu ya kumrudisha mwanadamu chakulani baada ya mwili wake kupungua ghafla ilikusanywa mahali pa njaa, kambini, vitani na katika wodi za watoto, na ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, ulipo mji wa Kalemie, umekuwa ukipokea miili ya namna hiyo tangu zama za misafara ya watumwa hadi makambi ya wakimbizi wa ndani ya miaka ya karibuni.

Kabla ya kuwa mji, eneo hili lilikuwa kivuko. Mto Lukuga, ambao ndio mlango pekee wa maji ya ziwa kutokea kwenda bonde la Kongo, na ambao Mwingereza Verney Lovett Cameron aliufikia mwaka 1874, unaanzia hapa. Upande wa kaskazini ilikuwapo Mtowa, bandari ya majahazi na mitumbwi iliyovuka kwenda na kurudi Ujiji, na upande wa kusini Mpala, kituo kilichoanzishwa na Luteni Emile Storms mwaka 1883 kwa niaba ya jumuiya ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kisha kikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe mwaka 1885. Misafara iliyotoka Manyema na pembe za ndovu ilifika ziwani ikiwa na watu waliotembea wiki nyingi kwa chakula cha kubahatisha, na wamisionari wa Mpala, ambao misheni yao ilikua kwa kuwakomboa watoto wa utumwa, walijikuta wakiongoza jamii ambayo kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwalisha waliokonda. Hiyo haikuwa tiba kwa maana ya chuo. Ilikuwa kazi ya jikoni, na wapishi wake hawakuandika vitabu, jambo ambalo limewafanya wasahauliwe na wanahistoria wa tiba kwa urahisi usiostahili.

Mji wenyewe, ulioitwa Albertville kwa jina la mtawala wa Kibelgiji hadi zama za Mobutu zilipourudishia jina la kienyeji, uliinuliwa na reli. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na mwaka uliofuata reli ya kampuni ya CFL, iliyotoka Kabalo kando ya Mto Lualaba, ikafika ziwani upande wa Kongo. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokwisha njia hizo mbili zikaunganishwa na meli, na Albertville ikawa mahali pa kushushia na kupakia si mizigo peke yake bali watu pia. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga iliajiri maelfu ya vijana kutoka Ruanda-Urundi kwa ajili ya migodi ya shaba, nao walisafirishwa kwa meli kutoka Usumbura hadi Albertville, wakapanda treni hadi Kabalo, wakaendelea kwa mto hadi Bukama na kwa reli tena hadi migodini.

Safari hiyo ilibadilisha sahani kabla haijabadilisha kazi. Kijana aliyelelewa milimani kwa maharage, mtama na viazi vitamu alikutana njiani na unga wa mahindi au wa muhogo, uliopimwa kwa mizani na kugawiwa kwa jina la posho, neno ambalo katika Kiswahili cha Kongo, kama kwingineko katika Afrika Mashariki, lina maana ya mgawo wa chakula anaopewa mfanyakazi na mwajiri wake. Sheria ya mkataba wa kazi ya tarehe 16 Machi 1922 ilimtaka mwajiri ahakikishe mfanyakazi anapata chakula, na makampuni yakaingia katika hesabu za gramu: unga kiasi fulani, samaki mkavu au nyama kiasi fulani, mafuta ya mawese, chumvi. Wageni kutoka milimani waliugua sana, kwa baridi, kwa kuhara na kwa chakula wasichokizoea, hata ikaonekana ni lazima wazoeshwe kwanza katika makambi maalumu, walishwe na kupimwa, kabla ya kushushwa mgodini. Hapa ndipo historia ya eneo hili inapokutana kwa mara ya kwanza na kanuni ambayo mgonjwa wa leo huandikiwa kwenye karatasi, kwamba utumbo uliobadilishiwa chakula hauwezi kulazimishwa, nao hupewa muda. Tofauti ni kwamba kampuni iliwapa muda huo kwa hesabu ya tani za shaba walizotazamiwa kuzitoa, na rekodi za uzito wa wafanyakazi zilitunzwa kwa roho ileile iliyotunza rekodi za makaa ya mawe ya Lukuga.

Ili kuelewa mwili ulikuwa ukirudi kwenye chakula gani, yafaa kuitazama meza ya Kalemie yenyewe. Katikati yake kuna bukari, jina ambalo watu wa Katanga na Tanganyika hulitumia kwa ugali, ambao hapa hupikwa kwa unga wa muhogo, au wa mahindi, au kwa mchanganyiko wa vyote viwili. Muhogo ni mgeni: uliletwa na Wareno kutoka Amerika hadi pwani ya Atlantiki ya Afrika, ukaingia bara taratibu, na karne ya ishirini ukasukumwa mbele na utawala wa Wabelgiji kupitia kilimo cha lazima kilichoanzishwa mwaka 1917, kwa kuwa hauogopi ukame, haubagui udongo na unaweza kukaa ardhini ukimngoja mwenyewe. Mizizi michungu huloekwa siku kadhaa ili sumu yake ya sianidi itoke, ikaanikwa, ikatwangwa. Lakini maji yaleyale yanayoondoa sumu huondoka na sehemu ya vitamini zinazoyeyuka majini, na unga unaobaki ni wanga karibu mtupu, wenye protini isiyozidi sana gramu moja au mbili katika kila gramu mia. Mtu anaweza kushiba bukari ya muhogo kila siku na bado misuli yake ikapungua.

Upande wa pili wa sahani ndio uliouokoa ufuo huu. Ndagala, samaki wadogo wa ziwani wanaojulikana kwa Watanzania kama dagaa wa Kigoma, huvuliwa usiku kwa mwanga unaowavuta juu; zamani mwanga huo ulikuwa wa moto wa kuni kwenye mtumbwi, baadaye ukawa wa karabai, na katika miaka ya 1950 wafanyabiashara wa Kigiriki walioweka makao Usumbura na Albertville wakaleta merikebu za injini na nyavu kubwa za kuzungushia. Asubuhi samaki hao humwagwa na kutandazwa juu ya mchanga au juu ya chanja, wanawake wakiwageuza kwa mikono na kuwafukuza kuku na ndege, na jua likiwa kali huweza kukauka siku hiyohiyo. Huliwa wazima, kichwa na mifupa, hivyo mlaji hupata protini, chokaa na madini ya chuma kwa mkupuo mmoja. Kuna mikeke pia, na sangala, na kuhe anayesifiwa kwa ladha, lakini hao ni samaki wa mwenye fedha. Ndagala ndiye aliyekuwa wa kila mtu. Sifa yake ilivuka milima: mwishoni mwa miaka ya 1950 mmoja wa jamii zake alichukuliwa kutoka Tanganyika akapandikizwa Ziwa Kivu, ambako leo anajulikana kwa jina la sambaza, kwa nia ya kuziba pengo la protini katika nyanda zile zenye watu wengi.

Pengo hilo lilikuwa limekwisha kupewa jina la kitabibu. Mwaka 1933 daktari Cicely Williams, akiwa Gold Coast ambayo sasa ni Ghana, alieleza ugonjwa wa watoto walioachishwa ziwa wakalishwa uji wa mahindi, wakavimba miguu, nywele zikabadilika rangi na ngozi ikachubuka. Mwaka 1935 aliuita kwashiorkor, kwa jina alilolisikia kwa Waga wa huko. Katika Kongo ya Wabelgiji daktari Giovanni Trolli alieleza mwaka 1938 hali inayofanana na hiyo katika Kwango, nchi ya walaji wa muhogo, chini ya jina la kienyeji la buaki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia utafiti ukahamia mashariki: taasisi ya sayansi ya IRSAC iliundwa mwaka 1947, makao yake yakajengwa Lwiro karibu na Bukavu, na kituo chake cha utafiti wa ziwa kikawekwa Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika lenyewe. Si jambo la bahati kwamba chombo kimoja kilishughulika na watoto waliovimba na samaki wa ziwani; watu wa wakati ule walijua kwamba maswali hayo mawili ni jozi.

Jambo lililowasumbua madaktari wa wodi za watoto ni kwamba mtoto aliyekonda hakufa daima kwa kukosa chakula. Mara nyingine alikufa baada ya kukipata. Maelezo yake yalichukua muda kueleweka. Mwili ulioshinda na njaa huishi kwa kuchoma mafuta na misuli yake, ukipunguza kazi ya moyo, figo na ini. Chakula cha wanga kikiingia kwa wingi ghafla, kongosho hutoa insulini, homoni inayoingiza sukari ndani ya seli, na sukari hiyo huandamana na fosforasi, potasiamu na magnesiamu, hata damu ikapungukiwa na madini hayo na moyo ukashindwa. Hali hiyo sasa huitwa sindromu ya kulishwa upya. Ulaya iliifahamu kwa uchungu mwaka 1945, pale wanajeshi wa Uingereza walipoingia kambi ya Bergen-Belsen mwezi Aprili, wakawagawia wafungwa waliobaki mifupa vyakula vyao vizito vya makopo, na wengi wakafa wakiwa wamekwisha kukombolewa. Hali nyingine ya ukosefu iliandikwa na madaktari waliokuwa mateka wa Wajapani huko Singapore kuanzia mwaka 1942, wakiishi na wenzao kwa wali mweupe, nao waliona jinsi ukosefu wa vitamini B1, iitwayo pia thiamini, ulivyowafanya watu wapepese macho, wayumbe na kuchanganyikiwa.

Dalili hizo za macho, miguu na akili zina historia inayogusa moja kwa moja mada ya upasuaji. Mjerumani Carl Wernicke alizieleza mara ya kwanza mwaka 1881 kwa wagonjwa watatu, wawili wakiwa walevi, lakini wa tatu alikuwa fundi cherehani kijana aliyekuwa amekunywa asidi, mlango wa chini wa tumbo lake ukaziba kwa kovu, akatapika kwa wiki nyingi. Mwaka huohuo mjini Vienna, Theodor Billroth alifanikiwa kwa mara ya kwanza kukata sehemu ya tumbo la mgonjwa wa saratani na kuunganisha upya kilichobaki. Kwa hiyo ujuzi wa kulikata tumbo na onyo juu ya tumbo lisilopitisha chakula vilizaliwa pamoja, ingawa ilipita miongo mingi kabla wapasuaji na watu wa lishe hawajasomana.

Mahali waliposomana, au walau walipoishi jirani, ni Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani. Kuanzia Novemba 1944 Ancel Keys aliwaweka huko vijana 36 waliojitolea, wote wakiwa wamekataa kupigana vita kwa sababu za dhamiri, akawapunguzia chakula kwa miezi sita hadi wakapoteza takriban robo ya uzito wao, kisha akawarudisha chakulani kwa viwango tofauti ili ijulikane njia bora ya kuilisha Ulaya iliyovunjika. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 1950 katika juzuu mbili, yalikuwa na jambo ambalo kila mwenye kuhangaika na uzito angepaswa kulijua: wengi wa vijana hao, hata baada ya kula kwa wingi, hawakusikia kushiba, wakaendelea kuwaza chakula kwa miezi, na baadhi wakazidi uzito waliokuwa nao mwanzo. Walikuwa watu wa nidhamu iliyopimwa, waliovumilia njaa miezi sita kwa hiari yao. Kuwaita walafi kungekuwa upuuzi. Mwili uliopungua hudai deni lake.

Miaka michache baadaye, mwaka 1954, wapasuaji wa chuo hichohicho, Kremen na Linner pamoja na mwenzao, walichapisha majaribio ya kuiruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba ili chakula kisisharabiwe chote. Upasuaji huo wa kuruka utumbo ulipunguza uzito kwelikweli, lakini uliwaachia wengi kuhara kusikokoma, mawe ya figo na ini lililoharibika, hadi ukaachwa. Mwaka 1966 Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, akishirikiana na Chikashi Ito, alianzisha njia ya kuligawa tumbo na kuliunganisha na utumbo kwa mchepuko, baada ya kuona kwamba wagonjwa wa vidonda waliokatwa sehemu kubwa ya tumbo hupungua na hawanenepi kwa urahisi. Baadaye sana, karne mpya ilipoanza, ukaenea upasuaji wa kulikata tumbo kwa urefu na kuacha mrija, ambapo karibu robo tatu au zaidi ya tumbo huondolewa moja kwa moja. Pamoja na sehemu hiyo huondoka seli nyingi zinazotengeneza ghrelini, homoni ya njaa iliyogunduliwa na Wajapani mwaka 1999, na ndiyo sababu miezi ya mwanzo mgonjwa hushangaa kwamba chakula hakimwiti.

Mshangao huo haudumu. Kati ya mwaka wa kwanza na wa tatu, njaa hurejea kwa sehemu, mfuko uliobaki hulegea kidogo, na ulaji wa vitafunwa laini na vinywaji vya sukari, ambavyo hupita bila kuujaza mfuko huo, huanza kurudisha kilo. Wagonjwa wengi huliona hilo kama aibu na kuacha kwenda kliniki, ilhali lilikwisha kuonekana kwa vijana wa Keys waliokuwa na matumbo mazima. Kwenye majarida na vinywani mwa watu kumezuka dawa ya haraka, ya kurudia siku kadhaa za vimiminika vitupu kana kwamba tumbo linaweza kuanza upya kama lilivyokuwa siku ya kushonwa. Haliwezi, na mfungo wa namna hiyo huondoka na misuli pamoja na mafuta. Kinachorejeshwa kwa faida ni mpangilio: protini iliwe kwanza, takriban gramu 60 hadi 80 kwa siku, mboga zifuate, wanga uje mwisho, maji yanywewe mbali na chakula, kwa nusu saa hivi, tonge liwe dogo na litafunwe, na vitamini, chokaa na madini ya chuma vimezwe maisha yote, maana mwili wa aliyekatwa tumbo hauvinyonyi vya kutosha.

Wakati wapasuaji wakiyaandika hayo, elimu ya kuwalisha wenye njaa ilikuwa imepiga hatua yake. Kwenye kitengo cha utafiti huko Kingston, Jamaika, Michael Golden na wenzake walionyesha kwamba mtoto aliyekonda kupita kiasi apewe kwanza chakula hafifu cha kuutuliza mwili, na cha kumkuza baadaye. Ndipo yakapatikana maziwa mawili yaliyosambaa duniani katika miaka ya 1990: F-75, yenye kilokalori 75 katika mililita mia, yanayotolewa kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, na F-100, yenye kilokalori mia kwa kipimo hichohicho, yanayofuata hamu ya kula inaporudi. Mwaka 1996 Mfaransa André Briend pamoja na Michel Lescanne wa kampuni ya Nutriset wakatengeneza Plumpy'Nut, siagi ya karanga iliyochanganywa na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, katika pakiti ya gramu 92 yenye kilokalori 500, isiyohitaji maji wala moto.

Kalemie iliifahamu ngazi hiyo kwa ukaribu. Mji ulikuwa umekwisha kupitia uasi wa mwaka 1964, vita vya mwaka 1998 hadi 2003 vilivyoikata reli na kulifunga soko lake, na tetemeko la ardhi la tarehe 5 Desemba 2005. Kisha mapigano kati ya Watwa na Waluba, yaliyoanza mwaka 2013 na kupamba moto kuanzia 2016, yaliwafukuza mamia ya maelfu ya watu vijijini mwao katika jimbo la Tanganyika, jimbo lililokuwa limeundwa rasmi mwaka 2015, na wengi wakajenga vibanda vya nyasi pembeni mwa Kalemie, Katanika na kwingineko. Oktoba 2017 Umoja wa Mataifa uliiweka Tanganyika, pamoja na Kasai na Kivu Kusini, katika daraja la juu kabisa la dharura. Waliokimbia walikuwa wakulima waliokosa mashamba yao misimu miwili mitatu mfululizo, wakiishi kilomita chache kutoka kwenye ziwa lenye samaki ambao hawakuwa na fedha ya kuwanunua.

Katika vituo vya lishe mtoto hupimwa mkono wa juu kwa utepe wenye rangi tatu: chini ya milimita 115 utepe huonyesha nyekundu, maana yake utapiamlo mkali, kutoka hapo hadi 125 ni manjano, zaidi ya hapo ni kijani. Muuguzi hukibonyeza kidole gumba juu ya unyayo kwa sekunde tatu kuona kama kitaacha shimo, alama ya uvimbe. Lakini kipimo chenye uzito kuliko vyote hakina namba: mama hukaa mahali patulivu, hunawa mikono, humpa mtoto siagi ya karanga kidogo kidogo bila kumlazimisha, huku akipewa maji ya kunywa, na muuguzi hungoja. Akila kiasi kilichowekwa, ataendelea kutibiwa nyumbani. Akikataa, hata kama utepe si mbaya sana, hulazwa, kwa kuwa kukosa hamu ni ishara kwamba mwili umevurugika ndani. Hamu ya kula, ambayo kwa mtu aliyepasuliwa ili apungue huonekana kuwa adui, hapa ni cheti cha uhai.

Tofauti hiyo isifichwe. Mtoto wa Katanika na mtu aliyelipia kupunguzwa tumbo hawakufika chakulani kwa mlango mmoja, na kuwalinganisha bila tahadhari kungekuwa ukosefu wa adabu. Hata hivyo mwili hausomi sababu. Kwa wote wawili huanza na kidogo, huogopa wanga wa ghafla, huhitaji protini kuliko shibe, na hudhurika kwa ukosefu uleule wa thiamini, ambayo akiba yake mwilini haizidi wiki mbili au tatu. Kwa wote wawili pia meza ya kawaida ya mji ina jibu na ina kikwazo. Bukari, kwa jinsi inavyoshikamana, ni miongoni mwa vyakula vinavyoweza kukwama kwenye mfuko mdogo, nayo hujaza nafasi iliyopaswa kuwa ya samaki. Desturi ya kumega tonge kubwa na kuligusisha mboga kwa uchache inampa mlaji kinyume cha anachokihitaji. Ndagala waliosagwa wakawa unga na kuchanganywa katika uji, maharage yaliyopondwa na kuchujwa maganda, yai, sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa laini kwa mafuta kidogo: hivyo vyote vinapatikana sokoni Kalemie bila kungoja pakiti kutoka ng'ambo. Ugumu ni bei. Ndagala wengi husafirishwa kwenda Lubumbashi na miji ya migodi, ambako mnunuzi ana fedha zaidi, na familia iliyokaa ufukweni hubakiwa na wanga.

Upasuaji wa kupunguza uzito nao umeusogelea ufuo wa ziwa. Nairobi ina hospitali zinazoufanya, na mwanzoni mwa miaka ya 2020 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, jijini Dar es Salaam, ilianza kuweka puto tumboni, njia isiyo na kisu ambayo huchukua nafasi ndani ya tumbo kwa muda ili mtu ale kidogo. Dar es Salaam ni mwisho wa njia ileile ya Kigoma iliyowahi kuibeba shehena ya Albertville, na mfanyabiashara wa Kalemie mwenye uwezo huitumia kwa matibabu kama anavyoitumia kwa bidhaa. Atatibiwa huko, lakini atakula hapa, na wa kumwangalia akiteleza au akiugua atakuwa muuguzi wa hapa, ambaye huenda hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hiyo lakini amewalisha watoto wa makambi kwa miaka.

Kwa muuguzi huyo, na kwa jamaa wa nyumbani, lipo jambo moja lisiloweza kungoja. Aliyepunguzwa tumbo akitapika siku kadhaa mfululizo, akaanza kuona vitu viwili viwili, kuyumba au kusahau, asiachwe nyumbani kwa kudhaniwa kwamba amelogwa au amekula haraka, wala asitundikiwe kwanza dripu ya sukari peke yake. Apelekwe hospitali, ielezwe wazi kuwa amepasuliwa, na apewe thiamini kabla ya sukari.